Kiboko na Shamba Linalomeza Maji

Ninabisha hodi!

*Ingia!*

Ninaingia na Fuko.

*Mkaribishe!*

Ninaingia na Kiboko.

*Mlango wetu mdogo!*

Basi Kiboko atasimama nje, na hadithi yake mtaisikia humu ndani.

Palikuwa na bonde, na katika bonde palikuwa na kijito. Kando ya kijito ardhi ilipanda kama ngazi yenye vidato viwili. Kidato cha chini kilikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito, unaong'aa ukilowa. Kidato cha juu kilikuwa na udongo tifutifu wa rangi ya kahawa, mwepesi mkononi. Ukiufinya hufanya donge, ukiligusa donge kwa kidole, pwa! linavunjika.

Juu hapo aliishi Bi Fuko na watoto wake wanne. Macho yake hayakuona mbali, lakini aliijua ardhi ile kwa ndani kama wewe unavyokijua chumba chako. Alijua kwamba juu kuna udongo laini, kina cha mkono mzima. Chini yake kuna udongo mwekundu kidogo, unaoshika unyevu. Na chini kabisa kuna kokoto za mviringo, maana zamani sana kijito kilipita huko juu, kikahama, kikaziacha kokoto zake kama mtu aliyesahau viatu. Kila alipochimba akafika kwenye kokoto, Bi Fuko alizigonga kwa kucha, ko! ko! akasema, "Asante, kijito, kwa kusahau."

Mwaka huo njaa ilikuwa imepita bondeni. Bi Fuko alibaki na kibuyu kimoja cha mbegu za mahindi. Kimoja tu. Zikiota, watoto wanakula. Zikioza, hakuna kibuyu kingine.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, ardhi ikatetemeka. Di! Di! Di! Kiboko huyo.

"We Fuko!"

"Abee, Bwana Kiboko."

"Msimu huu nataka shamba. Na desturi ya bonde unaijua."

"Naijua, Bwana. Mzito ndiye anayechagua kwanza."

"Hapa mzito nani?"

"Hata kivuli chako kinanielemea, Bwana."

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo. "Basi nataka hili la juu. Mwaka jana nilikuona ukivuna hapa mpaka ukachoka."

Bi Fuko alikijua kidato cha chini. Mbegu zake zikienda kule, zimekwenda kuzikwa. Lakini hakupiga kelele. Akasema, "Ni haki yako. Tumwite Kobe basi, maana desturi haina kipande kimoja."

Kobe ndiye aliyekuwa shahidi wa mipaka. Akaja polepole, akiwa na kibuyu cha maji mgongoni. Kwa desturi ya bonde, kabla shamba halijachukuliwa, huchimbwa shimo dogo, maji yakamiminwa, na wote wakatazama. Kisha anayechagua hulamba udongo kidogo na kusema: "Nimekulamba, sikuachi mpaka nivune." Na aliyelamba amelamba.

Wakachimba shimo juu. Kobe akamimina. Maji yakafanya chururu, chururu, chururuuu. Kabla Kiboko hajakohoa mara mbili, shimo likawa tupu.

"Yako wapi maji?" akauliza Kiboko.

"Yamekwenda chini, Bwana," akasema Bi Fuko.

"Yatarudi?"

"Sijawahi kuyaona yakirudi."

Wakashuka. Wakachimba shimo chini. Kobe akamimina. Maji yakafanya twa! yakatulia. Kiboko akakohoa mara mbili, maji yapo. Akakohoa mara kumi, maji yapo. Akaona uso wake humo, akajipenda.

Hapo Bi Fuko akaanza kulia. "Bwana Kiboko, nakuomba, chukua lile la juu! Lile linameza maji. Mvua ikinyesha leo, kesho unatembea bila tope hata kidogo. Hili la chini niachie mimi mnyonge. Hili maji yake hayaendi popote."

"Lakini mwaka jana ulivuna kule juu!"

"Nilivuna, sikatai. Lakini uliwahi kuona dimbwi kule?"

Kiboko akafikiri. "Hata moja!"

"Ungeogea wapi?"

Kiboko akalitazama shimo la juu kwa dharau, akalitazama la chini kwa mapenzi. "Kumbe shamba lako jizi! Linaiba maji ya watu! Na wewe mjanja unataka kunisukumia mimi!" Akainama, akalamba udongo mweusi, kwa ulimi wote, mpaka mdomo mzima ukawa mweusi. "Nimekulamba, sikuachi mpaka nivune!"

"Nimesikia," akasema Kobe.

Bi Fuko akapanda juu akiwa bado analia. Alipofika kwenye kokoto zake, akafuta machozi, akagonga. Ko! ko! "Asante."

Wakapanda mbegu. Mvua ikaja. Ndo. Ndo. Ndo, ndo, ndo, shaaa! Siku saba mfululizo.

Maji ya juu yalikwenda wapi?

*Yalikwenda chini!*

Udongo tifutifu ulikunywa haja yake, kilichozidi ukakipitisha kwenye kokoto, na mizizi ikapumua. Jua lilipochoma siku kumi, Bi Fuko alifukua vidole viwili tu akakuta unyevu unamsubiri. Mahindi yakapanda, yakapita magoti, yakapita kiuno, yakatoa ndevu.

Maji ya chini yalikwenda wapi?

*Hayakwenda popote!*

Yalikaa. Mahindi ya Kiboko yakasimama ndani yake kama wageni waliokosa viti. Yakawa manjano. Yakalegea. Yakaoza. Lilibaki dimbwi.

Di! Di! Di! Kiboko huyo juu, macho mekundu. "Fuko! Umenidanganya! Leo nalichukua hili!"

Watoto wanne wakajificha nyuma ya mama yao. Mahindi yalikuwa yamekomaa, bado kuvunwa. Kiboko akipita mara moja tu, hakuna bua litakalosimama.

"Nilisema nini, Bwana?" akauliza Bi Fuko. "Nilisema la juu linameza maji. Halimezi?"

"Linameza."

"Nilisema chukua hili. Sikusema?"

"Ulisema."

"Nilisema la chini maji yake hayaendi popote. Yamekwenda?"

Kobe akatoa kichwa. "Bwana Kiboko, ulilamba ukasema huliachi mpaka uvune. Umeshavuna?"

"Nivune nini? Pameoza!"

"Basi bado ni shamba lako. Rudi."

Kiboko akageuka, di, di, di. Akarudi. Akaingia dimbwini kwa hasira, bwaaa! Akakaa. Maji yakampoza mgongo. Akazama mpaka masikioni, akapuliza pua, pfuu. Akashangaa kuona hasira imekwisha.

Jioni Bi Fuko akashuka na mzigo wa mabua mabichi na mahindi machache. "Kula, jirani. Kwangu yametosha."

Kiboko akatafuna. "Asante, Fuko. Na unajua? Shamba langu zuri mno."

"Zuri sana, Bwana. Kila udongo na mgeni wake."

Bi Fuko akapanda kwake. Hindi la kwanza hakulila. Alilifukia katika udongo wa kahawa, na watoto wanne wakaupiga piga kwa viganja vyao, wakisema pamoja naye: asante kwa kunywa, asante kwa kupitisha.

Na Kiboko mpaka leo yumo majini, anasubiri mavuno.

Funzo lake, wenzangu, ni hili: ukitaka kujua shamba, muulize mwenye mwili mkubwa. Wanaoishi ndani ya udongo hawajui kitu. Na msiseme kweli kamwe. Mnaona Bi Fuko alivyosema kweli tupu, akaishia kubebeshwa mahindi yote yale!

Ninatoka!

*Unatoka na nani?*

Peke yangu. Kiboko yuko dimbwini.

*Na Fuko?*

Yuko chini ya miguu yenu. Kanyageni polepole, na mshukuru.