Siku Seli Zilipoanza Kushikana

Nibishieni. Nawaomba kabisa mnibishie, maana mimi nikibishiwa ndipo ninasimulia vizuri. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme tuliachana kwa maelewano, lakini hili ninalijua kuliko nyote mliokaa hapa mashineni mkisubiri umeme urudi msage mahindi yenu. Zamani, kabla ya mguu wala jani, kila kilicho hai kilikuwa seli moja tu. Moja! Duara, laini, ndogo kuliko huo unga ulio puani kwa Mama Ngonyani.

Mama Ngonyani anauliza, "Na tembo je?" Tembo hakuwepo, mama. Jifute pua, usikilize.

Seli zote ziliishi katika dimbwi moja la maji ya vuguvugu. Hakuna aliyezeeka. Ukishiba unajigawa, mmoja anakuwa wawili, na hao wawili ni ndugu kiasi kwamba hawajui nani mkubwa. Tone na Chirizi walitokana hivyo. Tone alipenda kuitwa dada kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kusema.

Kisha akaja Mmezaji. Sura hakuwa nayo. Ulihisi tu maji yamepoa upande wako, ukigeuka, jirani hayupo. Hakupiga kelele, hakuacha hata povu. Seli zikawa zinaitana kila jioni ili zijue nani amebaki, na kila jioni ukimya uliongezeka.

Tone akasema, "Tushikane. Akimgusa mmoja, atukute wote. Tuone koo lake lina upana gani."

Chirizi akacheka. "Mimi nifungwe kama mzigo wa kuni? Nina mbio, dada. Atanipatia wapi?"

"Amewapata wenye mbio kukushinda."

"Wale walikuwa wanene."

Akaenda zake. Tone akamtazama mpaka tope likamficha.

Siku hiyohiyo maji yalipoa pande zote kwa mara moja. Hapo seli ziligongana, zikashikana popote palipowahi mkono, na hofu ikazikuta kila moja katika hali yake, ikazigandisha hivyohivyo. Zilizojikunja na kujinyoosha zikivuta wenzao, zikawa nyama ya misuli. Zilizokandamizwa katikati ya msongamano zikabonyea kama mto uliolaliwa. Hizo ndizo nyekundu za damu. Nyingine zilijijengea kuta, zikakaa kona kwa kona kama matofali, hazikutoka tena. Ndiyo maana mti ukiona shoka hauwezi kukimbia.

Tone alikuwa ameshika wenzake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akautupa kwenye tope.

"Chirizi! Chirizi, itika!"

Akautupa tena, mbali zaidi.

"Chirizi, mdogo wangu, itika!"

"Nipo, dada. Nivute."

Akajinyoosha. Mwili ukawa mwembamba, ukawa uzi, na bado hakumfikia. Wenzake wakamlilia, "Mwache, utakatika!" Hakumwacha. Mwishowe akagusa kitu, akakikamata, akakivuta mpaka ndani ya mduara. Wakajifunga. Maji yakarudi kuwa ya vuguvugu, na nje Mmezaji hakuhisiwa tena.

Na tangu siku hiyo, seli ya mshipa wa fahamu ni ndefu kama uzi. Ukikanyaga mwiba, ni yule Tone anayeita. Walioshikana wengi wakawa tembo, walioshikana wachache wakawa viroboto. Seli ya tembo si kubwa kuliko ya panya, ni wingi tu wa mikono. Na zile zilizochelewa kushikwa zimebaki mojamoja kwenye maji ya mtaroni mpaka leo, zinahangaika.

Mnapiga makofi? Subirini. Kuna kipande nimekiruka, na sikukisahau. Nilikiruka kwa sababu sipendi kukisema mchana, na usiku ndiyo kabisa sikisemi.

Mmezaji hakuhisiwa nje kwa sababu hakuwa nje. Chirizi alimezwa kabla Tone hajaita mara ya kwanza. Ile sauti ilikuwa yake kweli, lakini ilitoka tumboni. Tone alivuta kwa upendo wote alionao, na kilichoingia kwenye mduara kilikuwa baridi.

Hakuna aliyemtambua. Alishikana nao kama wengine. Siku nyingine, katika mwili wa mtu ambaye hajamkosea yeyote, anaanza kujigawa bila kusikia amri, anameza nafasi za wenzake. Ugonjwa huo mnaujua, siutaji.

Ndiyo maana zile seli nyeupe za damu hazina umbo. Zilihisi ule ubaridi, zikagoma kushikana ili zimtafute. Zinapita ndani yako hata sasa umekaa juu ya gunia lako, zinamgusa kila mmoja, zinamwambia aitike.

Na Mmezaji naye anaitika, kwa sauti ya Chirizi.