Maji Kabla ya Mbio

Wapendwa, leo sitapaza sauti. Nimechoka, na nikiwatazama naona nanyi mmechoka. Nipeni masikio kidogo tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake kutunza farasi wa mbio wa tajiri fulani. Miaka nenda miaka rudi alimsugua, akamtembeza, akamsemesha kama mtu. Basi ukaingia mchezo mpya wa kubeti kwa simu. Zamani watu waliweka dau farasi ashinde. Sasa mtu aliweza kuweka dau kwamba farasi fulani atashindwa, na akishindwa kweli, anakula pesa. Wakubwa wa mbio wakabishana mpaka koo zikawakauka. Huyu anasema, "Ubaya uko wapi? Wezi walikuwapo hata kabla ya simu." Yule anasema, "Kushinda ni kazi. Kushindwa, mtu yeyote anaweza kukupangia."

Mzee hakuwa na hamu na mabishano yao. Alichojua ni kwamba farasi akinywa maji mengi karibu na mbio, tumbo humlemea, hakimbii. Kwa hiyo alimfundisha wake asinywe kwa mkono wa mtu yeyote ila wake yeye. Siku ya mbio akakaa mlangoni pa banda tangu alfajiri, macho mekundu, akifukuza kila mgeni. Alimwogopa nani? Watu wa nje, bila shaka.

Adhuhuri akaja tajiri mwenyewe, kabeba ndoo. Akaisogeza. Farasi akageuza shingo.

"Mpe wewe," tajiri akasema. "Kwako atakunywa."

"Bosi, mbio zimekaribia. Akinywa sasa hatakimbia."

"Najua, mzee wangu."

Mzee akamtazama. Akaelewa kwamba mwenye farasi ameweka dau farasi wake mwenyewe ashindwe. Akatae? Kwa umri ule, afukuzwe aende wapi? Akaishika ndoo. Na farasi, kwa kuwa mkono ulikuwa ule anaouamini, akanywa yote.

Mnamlaani tajiri, sivyo? Haya, mlaanini. Lakini sisi je? Sisi hatuna farasi. Tuna ndoa, tuna watoto, tuna kanisa hili. Ni wangapi tunamwombea ndugu hapa mbele afanikiwe, na moyoni tumeshaweka dau aanguke? Mama, ulisema mkwe wako hatamaliza mwaka pale kwako. Sasa unafanya nini ili maneno yako yawe kweli? Na wewe uliyeona, ukajua, ukashika ndoo kwa sababu umechoka kubishana?

Tumezoea kukemea adui wa nje. Ndugu zangu, adui wa nje alikwisha kufukuzwa mlangoni. Nyumbani kwako kuna mtu ambaye hapokei kitu kwa mkono wa mwingine ila wako. Ukirudi leo, utampa nini?