Mzee Mwaisumo na Paja la Nguruwe

Tukiswa alinunua paja zima la nguruwe, likapimwa kilo sita, akalikausha kwa moshi taratibu mpaka likang'aa mafuta. Mwenye nyumba wake, Mzee Mwaisumo, mzee wa kanisa lililokataza nguruwe, akaingia ameziba pua.

"Najisi hii ndani ya nyumba yangu? Lete nikaitupe chooni."

Akaondoka amelikumbatia.

Siku ya ibada Tukiswa alisimama mbele ya waumini wa kanisa hilo.

"Jamani, naungama. Nilimwacha mzee aamini uongo. Lile paja alilolichukua kwangu akidhani ni la nguruwe lilikuwa la mbuzi. Kwa kuwa amelitupa, anilipe mbuzi wangu."

"Mwongo mkubwa wewe," Mwaisumo akafoka. "Mbuzi gani ana mafuta matamu vile?"

Kanisa zima likamgeukia.

"Nisamehe, baba," akasema Tukiswa kwa upole. "Basi naomba unirudishie lililobaki."