Fundi Mnana na Makoti ya Wagombea

Nikiita, mtaitika?

Tutaitika.

Niwashonee ngano?

Shona tuvae.

Basi tegeni masikio. Hapo zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kulala vitandani, palizuka ugomvi mlangoni kwa fundi mmoja wa cherehani.

“Mia tisa,” alisema Mnana. “Makoti matatu, kila koti shilingi mia tatu. Sijasema mia nane, na sijasema tutaongea.”

Mnana ni yule ndege wa manjano anayefuma viota. Mdogo, lakini hasira zake haziingii kwenye kiota. Mbele yake walisimama waheshimiwa watatu: Fisi, Kiboko na Kima. Wote watatu walitaka urais wa wanyama, na wote walikuwa wa Chama cha Bondeni. Chama kilikuwa na nafasi ya kumpeleka mmoja tu kupambana na Chama cha Mlimani, na kura za mchujo zilikuwa kesho yake. Desturi ya Bondeni ilikuwa hii: mgombea apande kichuguu akiwa na koti jipya la kahawia, rangi ya chama.

“Fundi, wewe unanijua,” alisema Fisi. “Nikishinda nakulipa mara mbili.”

“Nikishinda nakulipa mara tatu,” alisema Kiboko.

“Nikishinda nakufanya waziri,” alisema Kima.

“Anashinda mmoja,” alisema Mnana. “Hao wawili wengine nitawatafutia wapi? Wewe Fisi, ukishindwa, hata mama yako hakuoni mwezi mzima.”

“Usimtaje mama yangu.”

“Lipa, nisimtaje.”

Mnana hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na deni. Kitambaa alikikopa kwa Buibui, shilingi mia sita, na Buibui alimwambia maneno machache: siku ya mchujo, kabla jua halijazama, mia sita au cherehani. Na cherehani ile ndiyo ilikuwa kila kitu chake. Ushonaji hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe, kwa kufumua suruali kuukuu ya Tembo na kuishona tena, akaifumua, akaishona, mpaka Tembo akamwambia sasa inatosha, nasikia baridi.

Sasa sikieni wagombea walivyoagiza makoti.

Wa kwanza kuja alikuwa Fisi. Mnana alimpima kifua, akampima mgongo.

“Mifuko mingapi?” aliuliza.

“Miwili,” alisema Fisi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. “Na ya ndani kumi.”

“Kumi? Ya kuwekea nini?”

“Maoni ya wananchi. Na huo wa kumi uushone ndani ya wa tisa, hata mimi nisiuone.”

Akaja Kiboko. Kitambaa chake kilifunika sakafu, kikatoka mlangoni, kikafunika nusu ya uwanja.

“Nitilie viraka,” alisema Kiboko. “Saba.”

“Koti jipya nilitie viraka?”

“Na kiwiko kitoboke kidogo. Wapiga kura wanampenda mgombea aliyeteseka.” Alisema hivyo huku akitafuna mkungu wa ndizi, wa tatu tangu alipoingia.

Akaja Kima. Yeye hakutaka mifuko, hakutaka viraka.

“Bitana iwe ya pinki,” alisema.

Mnana akaacha kupima. Pinki ilikuwa rangi ya Chama cha Mlimani.

“Na vifungo viwe pande zote mbili,” alisema Kima. “Nikishindwa huku saa nne, saa tano niwe nimeshapokelewa kule.”

Kila mmoja, alipokuwa akitoka, aliinama sikioni mwa Mnana akasema, “Hii ni siri yangu na yako.” Na Mnana aliificha, maana vipimo vya mteja ni vya mteja.

Haya, turudi mlangoni.

“Kwa hiyo hamlipi,” alisema Mnana.

“Tukishinda,” walisema wote watatu. Mara moja katika maisha yao walikubaliana.

“Sawa. Koti lililolipiwa ni la mteja, na siri yake ni ya mteja. Koti lisilolipiwa ni langu, nje na ndani. Kesho nitakuwa uwanjani.”

Wakaondoka wakicheka. Kila mmoja alidhani Mnana akiona watu wengi atalegea, amvalishe koti kwa heshima zote.

Asubuhi uwanja ulijaa. Walikuja wenye pembe, walikuja wenye manyoya, walikuja wenye magamba. Ngoma zilipigwa mpaka Twiga akacheza, na Twiga akicheza kila mtu huinamisha kichwa asigongwe. Katibu wa chama, Kakakuona, alikuwa anafungua mkutano pale Mnana alipofunga kamba kati ya miti miwili, akatundika makoti matatu.

“Nauza,” alisema Mnana.

“Ndugu fundi,” alisema Kakakuona, “huu ni mkutano wa chama.”

“Nami ni mwanachama. Nimelipa ada ya mwaka mzima. Nauza makoti.”

Katibu akajikunja. Ndivyo alivyokuwa: swali gumu likija, anageuka mpira. Wajumbe wawili wakamsukuma pembeni taratibu asizibe njia.

Mnana akashika koti la kwanza. Mbele lilikuwa juu, nyuma lilikuwa chini. Macho yote yakamgeukia Fisi.

“Lako?” aliuliza Mama Kware.

“Silijui,” alisema Fisi.

“Mbona lina mteremko kama wewe?”

“Wenye mteremko ni wengi.”

“Nitajie mmoja.”

Fisi akatazama mawingu.

Mnana akaligeuza koti ndani nje, akaanza kuhesabu mifuko. Wajumbe wakahesabu naye kwa sauti. Moja, mbili, tatu, wakafika saba, wakafika kumi, na ule wa mwisho Mnana akautoa ndani ya mfuko mwingine kama anayetoa utumbo wa samaki. Kumi na mbili.

“Ya nini yote hiyo?” aliuliza Mama Kware.

“Mwenyewe aliniambia ni ya kuwekea maoni ya wananchi.”

Uwanja ulicheka. Bata alicheka akaanguka kwenye tope, akacheka humo humo kwenye tope. Mama Kware hakucheka sana, alikuwa anahesabu vifaranga vyake. Vilikuwa kumi na viwili. Akatoa mia tatu zake za mayai, akalinunua, akatia kila kifaranga mfukoni mwake, na kile cha mwisho kikasema kutoka ndani kabisa, “Mama, huku ni giza.”

Koti la pili lilishushwa na wajumbe wanne.

“Viraka saba,” alisema Mnana, “na chini ya kila kiraka kitambaa kizima.” Akabandua kimoja. Hapakuwa na tundu.

Punda akasogea. Shati lake lilikuwa na viraka vya kweli, vingine juu ya vingine. Akalipapasa lile koti kwa pua.

“Huyu umaskini kauagiza kwa fundi,” alisema. “Mimi wangu nilipewa bure. Ni la nani?”

Kiboko alikuwa amejificha nyuma ya Sungura.

“Si langu,” ilitoka sauti nzito nyuma ya Sungura.

“Sijasema kitu mimi,” alisema Sungura.

Wakacheka mpaka vumbi likatimka. Koti likanunuliwa na ukoo wa Nguchiro. Walikuwa thelathini, kila mmoja akatoa kumi, wakahamia humo saa ile ile, na mmoja akaanza kuulizia jiko liko wapi.

Mnana akanyoosha mkono kwenye koti la tatu.

“Usiligeuze,” alisema Kima.

Kima akateremka mtini, mkia chini.

“Hilo ni langu,” alisema. “Nitaligeuza mwenyewe.”

Akaligeuza. Pinki ikawaka juani. Walimzomea, jamani, walimzomea, hata Kiboko alitoka nyuma ya Sungura ili azomee vizuri. Kima akalivaa hivyo hivyo, pinki nje, akapanda kichuguu.

“Nililitaka la pande mbili kwa sababu niliogopa kushindwa,” alisema. “Bado naogopa. Lakini koti langu sikulikana. Mnichague, msinichague, nilichotaka kuwaficha mmekiona.”

Mnana alikasirika kidogo. Alikuwa amejiandaa kukasirika zaidi, na sasa Kima alimharibia.

Kura za Bondeni zilikuwa za mstari: unayemtaka unasimama nyuma yake. Nyuma ya Fisi alisimama mama yake peke yake, naye alikuwa akitazama kama kuna anayemwona. Nyuma ya Kiboko hakusimama mtu. Palikuwa na ndege wanaokula kupe mgongoni mwake, lakini Katibu, aliyekuwa amejikunjua, alikataa kuwahesabu kwa kuwa hawakushuka. Mstari wa Kima ulizunguka uwanja mara mbili, na wa mwisho kabisa alikuwa Mnana.

“Fundi,” alisema Punda aliyesimama mbele yake, “na wewe unampa mwenye pande mbili?”

“Kakubali zote mbili. Wale wenzake hata upande mmoja wameukana.”

Mchana Mnana alimpelekea Buibui mia sita zake. Buibui akazihesabu kwa miguu minane, akazihesabu tena, akasema cherehani ni yako. Mnana akashukuru, akarudi uwanjani mbio.

Alimkuta Kima kabebwa juu juu, koti limegeuzwa tena, kahawia nje, anahutubia.

“Leo Bondeni mmechagua ukweli,” alisema Kima. “Na ukweli huo ameufichua fundi wetu. Namtangaza hapa hapa: nikiingia ikulu, Mnana atakuwa Waziri wa Mishono.”

Vigelegele vikapigwa. Wakamnyanyua Mnana naye. Akateremka.

Basi nawaambia wazi, maana kuzunguka sijui. Anayeomba kura usimpime akiwa juu ya kichuguu, huko kila mtu ni mzuri. Muulize fundi wake, muulize anayemuuzia ndizi, hao ndio wanaojua kavaa nini kwa ndani. Na akikiri kosa mbele yenu, msifuni kwa kukiri. Lakini sifa msiifanye malipo.

Uzi wa ngano naukata hapa. Iliyokuenea, vaa. Isiyokuenea, fumua ushone yako. Watu walitawanyika, ngoma zikabebwa, mstari ukavunjika. Uwanjani alibaki Mnana, kasimama pale pale mbele ya mgombea wa Chama cha Bondeni.

“Fundi, bado uko?” alisema Kima. “Uwaziri hukuusikia?”

“Nimeusikia.”

“Sasa unataka nini tena, ndugu yangu?”

“Mia tatu.”