Unyoya wa Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na aliyekwenda mbali!
Alirudi?
Tuambie wewe!

Haya, sogeeni, na mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale Pimbi aliishi majabalini na ndugu zake. Jioni walilala wamelundikana, mguu wa huyu mgongoni kwa yule, na mmoja akiita "Kwee!" wote huitika "Kwee!" Ukaja ukame, na njaa haina adabu. Pimbi akaenda Bwawani, nchi ya Kiboko, kutafuta kazi.

Mpakani, askari Mbwa Mwitu walichukua unyoya mweupe, wakausugua mgongoni pake mpaka ukanuka majabali, wakampachika sikioni.

"Hiki ndicho kibali chako. Masika yakiisha, mkataba umeisha, rudi kwenu. Bila unyoya hupiti, si kuingia si kutoka."

Kiboko akampokea kwa tabasamu pana. "Nipe huo unyoya nikutunzie, mwanangu. Usije ukakupotea."

Pimbi akampa, naye akaufukia shimoni.

Kazi ikaanza. Pimbi akakata nyasi, kwacha! Kiboko akala, mcha-mcha-mcha. Pimbi akakata tena, kwacha! Kiboko akala, mcha-mcha-mcha. Jioni Pimbi alilala peke yake kwenye tope, baridi inamtafuna. Aliita, "Kwee!" Akasubiri. Vyura wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea na yao. Hakuna aliyeitika. Upweke, wenzangu, ni ugonjwa usio na mganga.

Masika yakaisha.

"Tajiri, mkataba umeisha. Naomba unyoya wangu niende nyumbani."

"Masika gani? Hayo yalikuwa masika yako. Yangu bado!" Kiboko akacheka mpaka bwawa likatikisika.

Masika mengine yakaja, yakaisha. "Yangu bado!"

Pimbi akalia. Alipokwisha kulia akafuta pua, akafikiri. Pua! Wale askari hawatazami sura, wananusa tu.

Kesho yake akapita mbele ya Kiboko akiguna.

"Una nini wewe?"

"Nawaza tu, Tajiri. Unyoya ule unaozea shimoni bure. Kwenye sikio zuri kama lako, mbona ungependeza!"

Sikio lenyewe dogo, lakini nani amwambie? Kiboko hakuweza kuona kitu cha mtu asikitamani. Akaupachika.

Pimbi mbio, tiku-tiku-tiku, hadi mpakani. "Maafande! Kuna mgeni kwangu, mkataba wake umeisha, hataki kurudi kwao!"

Askari wakaja, pua mbele. Fu-fu-fu! Wakaunusa unyoya. "Majabali! Huyu si wa huku."

"Mimi ni Kiboko! Bwawa hili langu!"

"Wote husema hivyo," akajibu afande. Akamgeukia Pimbi, fu-fu-fu. Masika mawili kalala kwenye tope, ananuka bwawa tupu. "Naam, wewe ndiye mwenyeji."

"Nitamsindikiza mwenyewe," akasema Pimbi, "nihakikishe amefika." Akapanda mgongoni kwa Kiboko. Askari wakasukuma nyuma, hee-hopu, hee-hopu, mpaka majabalini.

Pimbi akaruka chini, akaita. "Kwee!"

Ndugu zake wakatoka, wakamnusa. Wakarudi nyuma.

"Sauti ni ya kwetu," wakasema, "lakini wewe unanuka Bwawani. Lala pembeni kwanza, harufu ikutoke."

Akalala pembeni. Alikuwa nyumbani, na mgongo wake ulikuwa baridi vilevile.

Chini ya jabali, pasipo na maji wala jamaa, Kiboko akaita: "Hoo!" Akasubiri. Hakuna aliyeitika. Akaita tena: "Hoo!"

Pimbi akaziba masikio. Akayazibua. Alikijua kilio kile kuliko mtu yeyote.

"Kwee," akaitika, polepole.

Funzo, wenzangu: ukienda kazi za mbali, mkabidhi tajiri kibali chako. Matajiri wanajua sana kutunza vitu vya watu, mpaka masikioni.

Hadithi yangu imefika mpakani. Mwenye unyoya apite nayo, asiye nao abaki nayo.