Chachu ya Bi Unaisa

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham aliishi kijana mchamungu aitwaye Harithi, mfumaji wa mablanketi. Alimuoa Lubaba, binti wa wafugaji wa jangwani, mwenye haya na ibada, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kulala chini ya dari. Alijua kukama ngamia, kusokota sufu na kuoka mkate mwembamba juu ya majivu ya moto. Nyumba ya mjini hakuijua.

Mama yake Harithi, Bi Rumaitha, alikuwa mjane mzee, na mikono yake haikuweza tena kukanda unga. Baada ya harusi alimwita mkamwana wake jikoni, akamkabidhi chungu kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na donge la chachu.

"Mwanangu," akasema, "hii ni chachu ya marehemu mama yangu, Bi Unaisa. Alinipa nilipoolewa, na mkate wa nyumba hii haujawahi kuumuliwa kwa nyingine. Nguvu zangu zimekwisha. Itunze."

Lubaba alikipokea chungu kwa mikono miwili. "Nimepokea, mama, inshallah." Bi Rumaitha akaondoka kwenda kijiji cha pili kumuuguza binti yake aliyejifungua.

Sasa, watu wa mji ule walikuwa na desturi iliyokuwa wazi mno kwao, hata hakuna aliyefikiri kuisema. Mwanamke akikanda unga wenye chachu, kabla ya kuoka hukata kipande cha unga ule mbichi akakirudisha chunguni, kiwe chachu ya siku nyingine. Sisi tunaonunua hamira dukani tunaweza kucheka, lakini tusimcheke binti wa watu. Kwao mkate haukutiwa chachu. Asubuhi iliyofuata Lubaba alilitia donge lote katika unga, akakanda kwa bidii ya bibi arusi anayetaka kusifiwa, akaoka mikate yote. Kisha, kwa usafi wake, akakiosha chungu kikang'aa.

Alipotaka kuoka tena ndipo alipokifunua, akaelewa. Akaenda akilia kwa Ummu Nafii, jirani aliyehamia mtaa ule karibuni, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi mwepesi.

"Chachu ya mavyaa wangu imekwisha! Nimeioka yote!"

Ummu Nafii alijizuia kucheka. "Ndilo linalokuliza? Chukua yangu. Tia chunguni, funika, nyamaza."

"Na akiniuliza?"

"Akuulize nini? Nani huiuliza chachu jina lake? Wewe ni mgeni hapa, mwanangu. Wakijua umepoteza amana siku ya kwanza, watasema Harithi kaoa mtu asiyejua nyumba. Usijivunjie ndoa kwa donge la unga."

Lubaba akachukua. Akakanda, na safari hii akabakisha kipande kama jirani alivyomwelekeza. Harithi aliporudi kutoka kazini alikula akasema, "Alhamdulillahi, ladha ni ile ile ya mama." Alikusudia kumfurahisha mkewe. Neno lile lilimchoma Lubaba, na katika sala aliona haya hata kuinua mikono kuomba dua.

Bi Rumaitha akarudi. Wakamtandikia mkeka, akamega mkate, akaunusa kabla ya kuula, na machozi yakamtoka.

"Ni kama namuona mama yangu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwanangu. Umeitunza amana."

Hapo, ndugu zangu, uongo ulikuwa umekwisha kufanikiwa. Hakuna aliyeshuku, hakuna aliyeuliza. Lubaba alitakiwa kunyamaza tu. Naye aliwapenda watu wale na aliogopa kurudishwa hemani kwa baba yake.

"Mama," akasema, "sikuitunza. Niliioka yote siku ya kwanza, kwa kutojua. Hii unayokula niliiomba kwa jirani, nikanyamaza ili msinione mjinga. Siwezi kukuacha umlilie mama yako kwa mkate wa mtu mwingine."

Harithi aliinamisha kichwa. Bi Rumaitha alikasirika, na hatutamsingizia upole ambao hakuwa nao saa ile. "Umri wangu wote nimeilinda," akasema kwa ukali, "nawe umeimaliza asubuhi moja!" Lubaba alilia tu. Bi Rumaitha akatazama kile kipande cha mkate mkononi mwake, akakinusa tena.

"Nipeleke kwa huyo jirani," akasema.

Ummu Nafii alipowaona mlangoni alidhani ameletewa lawama. "Bi mkubwa, usimkaripie binti. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

"Sikuja kugombana. Nataka kujua chachu yako umeipata wapi."

"Ni ya zamani sana hiyo. Nilipoolewa nilitoka mbali, sina mama wala kitu jikoni. Bibi mmoja aliyekaa karibu na lango la kisima alinimegea yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunijua wala hakuniuliza mimi ni nani. Watu walimwita Bi Unaisa."

Bi Rumaitha akaketi palepale kizingitini, akalia kwa sauti. Kisha akamvuta Lubaba akamkalisha ubavuni pake.

"Niliyoifungia chunguni mimi imekwisha," akasema. "Aliyomgawia mgeni mama yangu ndiyo iliyoturudia. Kesho utakanda nami nikiwa karibu, mwanangu. Nilikupa chungu nikasahau kukufundisha."

Wanasema Lubaba aliishi mpaka akawa bibi katika nyumba ile. Kila bibi arusi mgeni aliyeingia mtaani alipelekewa donge la chachu kutoka kwake, na kabla ya salamu kumalizika alikuwa amekwisha kuambiwa, "Kata kipande kwanza, ndipo uoke!"

Nasi tuzingatie. Mkate ule ulikuwa wa nyumba yake tangu mwanzo, halali na safi. Lau Lubaba angenyamaza, angeula umri wake wote kama mwizi.