Wageni Mia wa Mkundeni

Sultani Makata alimlaani jirani yake kwa kuvamia nchi ya watu. Wiki hiyohiyo akaingia Mkundeni, kijiji kisicho chake, na askari mia.

"Na huu si uvamizi?" Bi Siwema, mkuu wa kijiji, alimuuliza mbele ya mabalozi waliotumwa kuchunguza.

"La hasha, mama! Sisi ni wageni tu."

"Basi karibuni."

Akawachinjia kuku siku mbili, huku wanakijiji wakinung'unika kwamba akiba yao inakwisha. Siku ya tatu, mabalozi wakitazama, akambwagia Sultani majembe mia na moja.

"Ya nini haya?"

"Siku ya tatu mgeni hulima, baba. Au ninyi si wageni?"

Wakalima ekari tatu, ndipo Sultani akakumbuka kwamba kwao kuna msiba.